"Rais Alishabadilika, Mbona Hurudi?" Najibu Leo, Nisiulizwe Tena

Assalamu alaykum, amahoro, habari zenu wote. Leo sikujipanga. Nimetoka kazini saa kumi na mbili asubuhi, sijalala, na taa ni hii hii ya jikoni, kwa hiyo msinianze na mambo ya mwanga. Nina swali moja la kujibu, halafu nakwenda kulala.

Swali mnalijua. Hata niweke video ya kukaanga samaki, lazima mtu aandike: "Burundi Rais alishabadilika tangu 2020, mbona hurudi?" Nilikuwa naliruka. Wiki hii mtu mmoja, hana picha, jina lenyewe herufi na namba tu, kaniwekea kipande cha mimi mwenyewe, mwaka 2019, nimevaa kofia nyekundu, nasema: "Siku mzee akiondoka kwenye kiti, wiki hiyohiyo mtaniona Buyenzi, avenyu ya 14, nakula ndagala." Mzee ni Rais Nkurunziza, Buyenzi ni mtaa wetu wa Bujumbura, ndagala ni dagaa. Sauti yangu. Kofia yangu. Sina pa kukania.

Kabla sijaendelea. Nikisema nipo Liège, Ubelgiji, mtaniambia najigamba na Ulaya. Nikisema Liège pagumu, mtaniambia nalialia wakati nyinyi mnapanga foleni ya mafuta. Nikitaja serikali kwa wema nimelipwa, nikiitaja kwa ubaya nimelipwa na wapinzani. Jamani, kama kuna anayenilipa, basi pesa zinaliwa njiani, maana kodi ya nyumba ya mwezi huu nimelipa nusu.

Ya 2015 sitayarudia, wengi mlikuwepo. Nitasema moja tu. Tarehe 13 Mei nilikuwa soko la Ruvumera, nasikiliza redio na mafundi wa gereji, Jenerali Niyombare akasema Rais Nkurunziza ameondolewa. Mwenyewe Rais alikuwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Watu wakatoka barabarani wanashangilia. Siku mbili baadaye Rais yupo nyumbani, mapinduzi yamekufa, redio zimechomwa, na walioshangilia wanatafuta mikoba. Tangu siku hiyo nikisikia mtu anasema "ameondoka", nasubiri kwanza. Ilibidi nikumbuke hilo kabla ya kuvaa ile kofia.

Sasa 2019 kwa nini nilisema vile? Kwa sababu sikuamini. Nani aliamini? Mwaka 2018 chama chake, CNDD-FDD, kilishampa jina la Imboneza yamaho, kiongozi wa daima. Mwezi Mei tukapigiwa kura ya maoni, katiba ikabadilishwa, muhula ukawa miaka saba. Kila mtu akapiga hesabu ya mihula miwili, mpaka 2034. Halafu mwezi Juni mwanaume anasimama Bugendana anasema 2020 sigombei. Mimi nikacheka. Nikasema haya ni maneno ya jukwaani. Kwa hiyo ile ahadi yangu ilikuwa kama ya mtu anayesema "nyani akiota pembe nitakulipa deni lako". Hukutarajia nyani aote.

Akaota. Januari 2020 mkutano wa chama Gitega ukamchagua Évariste Ndayishimiye awe mgombea. Bunge likapitisha sheria ya kumuaga anayeondoka: faranga bilioni moja na jumba. Mei 20 watu wakapiga kura, korona ipo, waangalizi wa Jumuiya wakaambiwa wakija wakae karantini siku 14, hawakuja. Tume ikampa Ndayishimiye zaidi ya asilimia 68, mpinzani wake Agathon Rwasa asilimia 24. Rwasa akaenda mahakamani, tarehe 4 Juni akakataliwa. Makabidhiano yalipangwa Agosti. Mimi hapa nahesabu: Agosti, nauli inapanda, labda Septemba.

Tarehe 9 Juni, Jumanne, nimo kwenye foleni ya supamaketi, mita moja na nusu kati ya mtu na mtu, barakoa ya kitambaa cha kitenge. Simu ikatetema, ikatetema, haikuacha. Serikali imetangaza: Nkurunziza amefariki jana yake, hospitalini Karusi, moyo umesimama. Miaka 55. Bibi mmoja wa Kibelgiji nyuma yangu akaniuliza kama nipo sawa. Nikamwambia Rais wetu amekufa. Akasema pole sana, alikuwa mtu mzuri? Nikashindwa kumjibu. Unaanzia wapi, kwenye foleni, na mkokoteni una vitunguu?

Zile siku zilikuwa za ajabu. Kulikuwa na Rais marehemu ambaye muda wake haujaisha, Rais mteule ambaye muda wake haujaanza, na katikati katiba inasema kiti kikibaki wazi Spika wa Bunge anashika. Spika alikuwa Pascal Nyabenda. Simu hazilali. Kigoma wanapiga, Uvira wanapiga, shemeji yangu yuko kambi ya Nyarugusu, Tanzania, ananiuliza mimi niliye Ubelgiji eti nani anatawala Burundi usiku huu. Tarehe 12 Mahakama ya Katiba ikasema hakuna haja ya mtu wa kushikilia, mteule aapishwe. Tarehe 18 akaapishwa pale Gitega. Kutoka msiba mpaka kiapo siku kumi. Kwa nchi iliyozika Rwagasore, ikazika Ndadaye, viongozi waliouawa, ikaona Micombero, Bagaza na Buyoya wanaingia kwa bunduki, na Buyoya akarudia, siku kumi bila risasi si kitu cha kudharau. Hilo nalisema na sijalipwa.

Basi jioni ile nikasema haya, ahadi ni deni. Nikafungua droo, nikatoa kitabu changu cha safari. Nilishakwenda nacho Ujerumani, nilishakwenda Uholanzi harusini, ukurasa ule sikuwahi kuusoma. Umeandikwa: kinatumika nchi zote isipokuwa Burundi.

Nchi zote. Naruhusiwa kuomba viza ya Japani. Burundi hapana.

Na wala si uonevu, ndiyo maana ya ukimbizi. Wewe uliwaambia unaiogopa serikali ya kwenu, wakakuamini, wakakupa karatasi. Sasa utarudije kwao uwaambie nataka kwenda wiki mbili kula ndagala? Kwa hiyo unabaki na njia mbili. Urudishe hiyo hadhi ya ukimbizi, uende moja kwa moja, na lisipokaa vizuri uanze upya. Au uombe uraia wa hapa, uende na pasipoti yao kama mtalii, kwenye mtaa uliozaliwa.

Hapa ndipo nitakapojitukana mwenyewe. Ada ya kuomba uraia ilikuwa euro 150. Kila mwezi nikisema mwezi ujao. Mwezi ujao mdogo wangu ana ada ya shule, mwezi ujao meno, mwezi ujao gari la kaka limekufa injini. Mwaka 2025 wakaipandisha: euro 1,000. Kutoka 150! Sasa anayesema "mnakula mkate wa wakimbizi", aje apige hesabu na mimi. Napanga maboksi usiku kwenye ghala, na mgongo huu si wa miaka yangu. Silalamiki, nimeshasema. Naeleza.

Tena kuna jambo la kiwanja, na hili kwa kweli linaniuma kuliko Ikulu. Marehemu baba aliacha kiwanja Buyenzi. Ndugu wanataka kuuza, sote lazima tusaini. Mimi nipo huku, kwa hiyo wanataka prokirasyo, ile karatasi ya kumpa mwingine haki ya kusaini kwa niaba yako. Rahisi, si ndiyo? Uende kwenye ubalozi wako, upigiwe mhuri. Mwanasheria wa hapa akaniambia: ukienda kuomba huduma kwa serikali uliyoikimbia, usishangae siku moja ukiulizwa kama bado unaikimbia. Nikaenda kwa mthibitishaji wa hapa. Mhuri juu ya mhuri, euro juu ya euro, nikatuma na mtu. Kule Bujumbura kwenye dirisha moja, ofisi gani sisemi, wakasema mhuri huu hatuujui.

Haikuishia hapo. Karatasi za baba zimeandikwa komini Buyenzi, komini ni kama wilaya. Lakini Buyenzi ilishaacha kuwa komini, ikawa zoni ndani ya komini Mukaza. Sasa 2025 mikoa 18 imekuwa mitano, komini 119 zimekuwa 42. Mwenye dirisha anataka karatasi ifanane na ramani ya leo, na baba alikufa na ramani ya zamani. Ndugu zangu wanajua hayo yote, wanasimama foleni wao wenyewe. Lakini kaka mkubwa akipiga simu anasema: "Wewe ndiye unatukwamisha, umeshiba Ulaya." Kaka, kama unaniangalia, na najua unaniangalia, nimeshiba nini?

Mnaniuliza: lakini nchi si imebadilika? Imebadilika, sikatai. Desemba 2020 waandishi wanne wa gazeti la Iwacu walisamehewa wakatoka gerezani. Marekani iliondoa vikwazo 2021, Ulaya ikafuata 2022. Wakimbizi zaidi ya laki mbili wamerudi, akiwemo jirani yetu wa zamani aliyekuwa kambi ya Nduta, sasa anauza mchele, ananitumia picha, ananenepa. Lakini aliyekuwa Waziri Mkuu baada ya kiapo kile, Bunyoni, cheo chenyewe hatukuwa nacho zaidi ya miaka 20, alifukuzwa 2022, na Desemba 2023 akahukumiwa kifungo cha maisha. Na huyo alikuwa mtu wao wa ndani kabisa. Uchaguzi wa wabunge wa Juni 2025, viti vyote 100 vya kupigiwa kura vilikwenda kwa chama kilekile kinachotawala tangu 2005. Wewe ukiita hayo mabadiliko ya uongozi, sawa, sura ni nyingine. Mimi niliyekulia nyumba ya watoto tisa naona kama kitanda kimoja, aliyelala ukutani kahamia mbele.

Na pesa. Mnasema tumeni pesa, nchi inajengwa na walio nje. Nikituma euro 100 kwa njia halali, mama anahesabiwa faranga kwa bei ya benki. Jirani yake anayeletewa mkononi anapata zaidi ya mara mbili. Sisemi mfanye hivyo, nasema mama anajua kuhesabu na ananiuliza kwa nini zangu ni ndogo. Juni 2023 Benki Kuu ilitangaza noti za 5,000 na 10,000 zilizotolewa 2018 zinaondoka, mwisho wa kuzipeleka benki siku kumi. Mama yangu benki haiamini, tangu lini! Zile nilizomtumia kidogokidogo alizishona kwenye mto. Miaka 68, kashika mto, anapanga mstari juani, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikampigia, anasema usiwe na wasiwasi mwanangu, hapa kwenye mstari nimekutana na watu wote wa zamani, hata yule aliyekataa kumuoa dada yangu mwaka 1981. Alicheka. Mimi nilikuwa chooni kazini, nalia kwa kimya, maana dakika zinahesabiwa.

Kwa hiyo mnaoniuliza "turudi au tusirudi", mnaoniandikia kutoka Nyarugusu, kutoka kambi ya Nakivale kule Uganda, tafadhali msinipe mzigo huo. Jirani yangu karudi kanenepa. Namjua mwingine alirudi, miezi minane, kavuka tena usiku. Walikuwa kambi moja. Kila mtu anajua alichokikimbia, na nani bado anakaa kwenye kona ya mtaa wake. Mimi hali yangu ni ya karatasi, ya euro 1,000, na ya mambo mengine ambayo kwenye video siyasemi. Ya kwako siyajui.

Nimeshaweka akiba euro 340. Zikifika, nitaomba. Nisiulizwe tarehe, maana nilishawahi kusema wiki, mkaniwekea kipande.

Na kuhusu hicho kipande. Nimekaa nikafikiri usiku kucha huku napanga maboksi. Video ile ya kofia nyekundu sikuwahi kuiweka hapa. Ukurasa huu wenyewe nimeufungua 2021. Niliituma kwenye grupu ya familia, na grupu ile ina watu 14. Mama hajui hata kupunguza sauti. Kaka akikasirika anapiga, haandiki. Nimepunguza, nimepunguza, nimebaki na mmoja, mtoto wa mama mdogo, anayejua kukata video, na simu ya kukatia nilimtumia mimi. Ile ambayo miezi mitatu sasa unaniambia bado haijafika.