Kipindi cha Leo: Aliyekifunga Kitabu Katikati

ZUHURA: Karibuni wasikilizaji wetu. Tulikuwa tumepanga kuzungumzia namna ya kuongoza mjadala wa riwaya katika klabu ya wanawake, nami nimeandaa mambo matatu ya kuwaeleza. Hata hivyo, Mwanaidi ana dukuduku tangu mkutano wetu wa juzi, kwa hiyo ni afadhali aanze yeye.

MWANAIDI: Ahsante, dada. Tulikuwa tukijadili Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971. Mwenzetu mmoja akaeleza wazi kwamba alipofika mahali Zakaria anapompiga binti yake, Rosa, kwa sababu ya barua aliyoandikiwa na kijana Charles, alikifunga kitabu na hakukifungua tena. Alikuwa nacho mapajani, kipande cha karatasi kikiwa kimechomoza palepale alipoishia. Akaanza kutueleza hofu ya binti anayesikiliza hatua za baba mlevi zikikaribia mlango, na chumba kizima kikatulia. Ndipo wewe, ukiwa mwenyekiti, ukamwambia asubiri kwanza wazungumze waliomaliza kusoma.

ZUHURA: Nilimwambia asubiri, sikumwambia anyamaze. Riwaya ile imejengwa kwa mpango. Mwanzoni tunamchukia Zakaria, na nina hakika mwandishi alitaka tumchukie. Kisha Rosa anatoka nyumbani, anaanza kujiamulia mambo yake, na mwishoni baba na binti wanasimamishwa mbele ya Mungu, kila mmoja akimtupia mwenzake lawama. Asiyefika kwenye kesi ile hajakutana na swali lenyewe.

MWANAIDI: Mimi nilifika kwenye kesi ile kabla yenu nyote.

ZUHURA: Naam, na wasikilizaji wetu wanajua sababu. Mwanaidi hufungua kila riwaya kwa sura ya mwisho, na sijawahi kufaulu kumwachisha.

MWANAIDI: Wala hutafaulu. Nikishajua mambo yanaishia wapi, haraka inaniondoka, nami ninasoma nikitazama jinsi kila tukio lilivyowekwa mahali pake. Safari hii niliisikiliza kesi kabla ya kulijua kosa. Kwa hiyo nilipofika kwenye kile kipigo, sikumtazama Zakaria peke yake. Nilikuwa nikikusanya ushahidi, nikajiuliza msichana anayeadhibiwa kwa barua moja tu atajifunza wapi kumtambua mwanamume anayemdanganya.

ZUHURA: Swali hilo ni zuri, lakini ungeweza kulifikia bila kuruka kurasa. Tazama ulichokipoteza. Ulimjua Rosa akiwa marehemu kabla ya kumjua akiwa mtoto. Sisi wengine tulimtumainia; kila alipoponea chupuchupu tulidhani safari hii atanusurika, na matumaini hayo ndiyo yanayofanya mwisho utuume. Wewe hukupata hata siku moja ya kumtumainia.

MWANAIDI: Nilimwonea huruma tangu ukurasa wa kwanza, dada, kwa sababu nilijua. Je, anayemtumainia mtu ndiye peke yake anayempenda? Wakati ninyi mlikuwa bado mkimlaumu kwa ukaidi wake pale chuoni, mimi nilikuwa nimeshaacha kumlaumu.

ZUHURA: Hapo ndipo ninapokukatalia. Mwandishi alitaka tumlaumu kwanza, ili tujishtukie baadaye. Ukianzia mwisho unakuwa mwema kabla ya kujaribiwa.

MWANAIDI: Basi nijibu hili. Mimi niliyeanzia mwisho nilipewa nafasi ya kusema. Mbona aliyeishia mwanzoni alizuiwa?

ZUHURA: Kwa sababu wewe, hata kama ulianza kinyumenyume, kurasa zote ulizipitia. Kumbuka pia yaliyokipata kitabu hiki. Kiliwahi kupigwa marufuku shuleni, kisha baadaye kikaja kufundishwa humo humo. Riwaya nyingi zimehukumiwa kwa kurasa chache zilizomkera mtu, na sitaki klabu yetu iwe mahali ambapo kitabu kinahukumiwa kwa ukurasa mmoja.

MWANAIDI: Huo si mfano wa haki hata kidogo. Anayepiga kitabu marufuku anakipokonya mikononi mwa wengine. Mwenzetu alikifunga cha kwake tu, akatuachia vya kwetu. Isitoshe, hakuihukumu riwaya. Alizungumzia tukio moja alilolisoma neno kwa neno, na alilielewa kuliko wengi waliofika mwisho, mimi nikiwemo. Kuna kurasa ambazo msomaji hazivuki kwa sababu amezielewa mno.

ZUHURA: Nalikubali hilo kwa upande wa moyo wake, na nilimsikiliza alipopewa nafasi. Hata hivyo mjadala ni wa riwaya, na riwaya ni kitu kizima. Nikiwapa nafasi ya kwanza wasiomaliza, waliokesha wakisoma watajadili nini?

MWANAIDI: Watajadili alichokisema. Alipoambiwa asubiri, zamu yake ilipofika alisema maneno machache tu, na lile la hatua za baba hakulirudia.

ZUHURA: Nililiona hilo. Bado utaratibu wangu siubadilishi.

MWANAIDI: Nami bado ninaupinga.

ZUHURA: Wasikilizaji, muda umekwisha na yale mambo matatu sikuyagusa hata moja. Mkutano ujao tutasoma Barua Ndefu Kama Hii, tafsiri ya riwaya ya Mariama Bâ iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1979, ambamo mjane anamwandikia rafiki yake wa tangu utotoni. Mwanaidi, tafadhali anzia mwanzo.

MWANAIDI: Sura ya mwisho nimeshaisoma. Je, mwenzetu naye atapewa nafasi mapema?

ZUHURA: Akimaliza kusoma, atakuwa wa kwanza.

MWANAIDI: Asipomaliza, nitampa zamu yangu.