Njaa Ikirudi Mwaka wa Nne: Mazungumzo na Waliofanyiwa Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Habari za mchana, ndugu zangu. Nawashukuru mliokuja, hasa nyinyi mliotoka nyumbani bila kumwambia mtu mnakwenda wapi. Najua mpo. Mtu akifanyiwa upasuaji, akapungua, akasifiwa, akashona nguo mpya, halafu mwaka wa tatu au wa nne akaona mzani unapanda, mara nyingi haendi kliniki. Anaona haya. Anajiambia apungue kwanza kidogo ndipo aende. Miezi inapita, uzito unaongezeka, na haya nayo inaongezeka. Ndiyo sababu nimechagua kuzungumzia jambo hili moja leo: njaa inayorudi, na kilo zinazorudi pamoja nayo.

Niseme lililo kubwa mapema, ili hata anayewahi gari aondoke nalo. Njaa iliyorudi haithibitishi kwamba umeshindwa. Ina sababu ndani ya mwili, sababu hizo zinachunguzika, na nyingi zina tiba.

Wengi wenu mmefanyiwa moja kati ya aina mbili za upasuaji. Kwenye slivu, robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula hukatwa na kutolewa kabisa, unabaki mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Kwenye baipasi, ambayo Edward Mason aliianzisha Iowa, Marekani, katika miaka ya 1960, daktari hutenga kifuko kidogo juu, cha mililita 30 hivi, akakiunga moja kwa moja na utumbo mwembamba. Watu hudhani kazi ya upasuaji huu ni kubana nafasi tu. Ingekuwa hivyo, mngekaa na njaa kali tangu wiki ya kwanza. Lakini kumbukeni miezi ile ya mwanzo: wengine mlikuwa mnasahau kula mpaka mkumbushwe.

Utulivu ule ulitoka kwenye homoni. Mwaka 1999 watafiti wa Japani, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wakiwa miongoni mwao, waligundua grelini, homoni inayoamsha hamu ya kula. Sehemu kubwa yake hutengenezwa kwenye sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, na hiyo ndiyo sehemu inayoondolewa kwenye slivu. Pia chakula sasa hufika haraka kwenye utumbo, na utumbo ukikipokea hutoa kwa wingi homoni nyingine, GLP-1 na PYY, zinazoupa ubongo habari kwamba imetosha.

Sasa mbona njaa inarudi? Kwa sababu mwili haujakubali. Mafuta ya mwilini hutoa leptini, homoni iliyogunduliwa mwaka 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman, Marekani. Ubongo huisoma leptini kama taarifa ya akiba iliyopo. Umepungua kilo 40, leptini imeshuka, na ubongo unaamini kuna ukame. Unaongeza hamu ya kula, unapunguza matumizi ya nguvu. Na kwa kuwa mwili wenyewe umekuwa mdogo, na misuli imepungua pamoja na mafuta, unaunguza chakula kidogo kuliko zamani hata ukiwa umelala. Kwa hiyo mtu anayeniambia "nakula kilekile nilichokuwa nakula mwaka wa kwanza, mbona naongezeka?" anaweza kuwa anasema kweli tupu. Naomba mnaowahudumia wagonjwa hawa mumwamini.

Takwimu zinatusaidia hapa. Wasweden walianza mwaka 1987 kuwafuatilia watu waliofanyiwa upasuaji. Wale wa baipasi walipoteza asilimia 32 ya uzito wao ndani ya mwaka mmoja au miwili. Baada ya miaka 10 walikuwa chini kwa asilimia 25. Huko Utah, Marekani, waliofanyiwa baipasi walikuwa wamepungua wastani wa kilo 45 baada ya miaka miwili, na kilo 35 baada ya miaka 12. Maana yake kurudisha kilo 10 ndiyo wastani wenyewe. Na maana yake nyingine, ambayo watu hawaioni, ni kwamba kilo 35 hazikurudi kwa miaka 12.

Tuseme mama aliingia chumba cha upasuaji na kilo 130, akafika 82, leo ana 92. Atakuja kwangu analia, "nimerudi." Hajarudi. Yuko chini kwa kilo 38. Usijilinganishe na siku ile moja uliyokuwa mwembamba kuliko zote. Jilinganishe na siku uliyoingia theatre. Cha kututia wasiwasi ni uzito unaopanda mwezi hadi mwezi bila kutulia, au sukari na presha vikirudi. Hapo usisubiri.

Tuje kwenye njaa yenyewe, maana si moja, na ukiitibu isiyo yenyewe utaongezeka tu.

Iko njaa inayokuja saa nne au tano baada ya kula, taratibu, na chakula chochote kinaikata. Hiyo ni njaa ya kweli. Mpe mwili chakula, usibishane nao. Wapo wanaoilazimisha isubiri mpaka usiku, na usiku ndipo wanapokula kila kitu.

Iko nyingine inayokuja ghafla, saa moja hadi tatu baada ya kula kitu kitamu, hasa kwa mliofanyiwa baipasi. Umekunywa chai yenye sukari na maandazi mawili asubuhi. Muda si mrefu unatetemeka, jasho linakutoka, moyo unakwenda mbio, na unahisi usipokula utaanguka. Kilichotokea ni kwamba sukari ilipanda kwa kasi, insulini ikamwagika nyingi, sukari ikaporomoka. Mtu akiokoa hali hiyo kwa soda, mzunguko unaanza upya, na mchana hujirudia mara ya tatu. Nimewaona watu walioitwa walafi kumbe ni sukari inayoshuka. Pima sukari kwa kile kipimo kidogo wakati dalili zinapokupata, andika namba na saa, mletee daktari. Mara nyingi kubadilisha kifungua kinywa kunatosha: yai na maharage mahali pa maandazi, chai isiyo na sukari.

Na kwa wa slivu, iko ile inayotafuna chini ya kifua usiku, inayotulia ukila biskuti na maziwa. Kwa wengine hicho ni kiungulia. Slivu inaweza kukileta au kukizidisha. Dawa ya asidi ndiyo inayokimaliza, biskuti hazikimalizi.

Usingizi mfupi nao huamsha hamu ya kula. Upweke, msiba, ndoa yenye mgogoro: mwili hausubiri uvimalize ndipo ule. Anayekula kwa sababu ya machungu anastahili mtu wa kuzungumza naye, mshauri aliyesomea kazi hiyo, wala si kukaripiwa kuhusu sahani yake.

Chakula chenyewe. Upasuaji unapunguza kiasi unachokula kwa mkupuo; haupunguzi idadi ya mara unazokula. Kudokoa ndiko kunakorudisha kilo kimyakimya: korosho kiganjani, kipande cha keki ofisini, chips za mtoto zilizobaki. Halafu kuna vyakula laini. Nyama kavu inakwama na kuuma, kwa hiyo mtu anakimbilia uji, biskuti, aiskrimu, chips, ambavyo vinateleza. Vinateleza na kutoka haraka, na baada ya saa moja tumbo liko tupu. Soda ya mililita 350 ina gramu zisizopungua 35 za sukari na haishibishi hata kidogo. Juisi ya miwa na ya matunda zimo kundi hilohilo, nisameheni mnaoziona za afya.

Anza mlo kwa protini, ufuate mboga, ugali au wali uje mwisho kama nafasi ipo. Lengo la kawaida ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva 15. Dagaa, samaki wa mchuzi, mtindi, choroko: hivi viko sokoni na havihitaji unga wa makopo wa bei mbaya. Tafuna polepole. Usinywe wakati wa kula. Ngoja nusu saa. Na fanya mazoezi ya nguvu, kunyanyua na kuchuchumaa, kwa sababu misuli mliyopoteza ndiyo iliyokuwa inaunguza chakula.

Kwa mnaofunga Ramadhani: muulizeni daktari kwanza. Akiruhusu, fungueni kwa maji na tende moja, kisha supu au samaki kabla ya tambi na viazi, na daku msiiache.

Vitamini ni za maisha: B12, chuma, kalisi, vitamini D. Na pombe, hasa baada ya baipasi, huingia kwenye damu haraka sana, na matatizo ya unywaji huongezeka kuanzia mwaka wa pili. Ukiona chupa imechukua nafasi ya chakula, sema mapema.

Kuhusu tiba. Daktari anaweza kuangalia kwa endoskopi, mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni, kama kifuko kimetanuka. Atakagua pia dawa zako, maana insulini, steroidi, baadhi ya dawa za afya ya akili na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huweza kuongeza uzito, usiziache mwenyewe. Upasuaji wa pili upo, ila ni wa hatari zaidi kuliko wa kwanza. Sindano za kupunguza hamu ya kula, kama liraglutidi na semaglutidi, hufanya kazi hata kwa aliyekwisha kupasuliwa. Lakini katika utafiti mmoja wa semaglutidi, walioacha walirudisha karibu theluthi mbili ya walichopunguza ndani ya mwaka. Kabla ya kuanza, piga hesabu ya miaka, si ya mwezi mmoja. Na tafadhali msinunue sindano kwa mtu wa mtandaoni.

Nimepewa karatasi yenye swali. Kaka anauliza: mke wangu alifanyiwa miaka mitano iliyopita, anaongezeka na anajificha akila, nimsaidieje? Ahsante kwa kuuliza. Usimwambie ameongezeka, analijua hilo kabla yako. Usiangalie sahani yake. Chakula anachotakiwa kula kiwe cha nyumba nzima, soda isiingie ndani kwa yeyote. Kisha mwambie utamsindikiza kliniki, na siku yenyewe uende naye. Chukueni karatasi ya upasuaji inayoonyesha alifanyiwa nini, uzito wake wa siku ile, na dawa zote anazotumia. Tukiwa na hivyo tunaanza kazi siku hiyohiyo.