Kopo, Mfuniko na Zigizaga

MUSA: Karibuni tena. Leo mimi ndiye mwanafunzi. Nimeleta chupa ya maji ya ziwa la mlimani, na dada Zuhura amenikalisha kwenye hadubini tangu asubuhi nizitambue diatomu zilizomo.

ZUHURA: Nikakuuliza unaona nini, ukasema "vijiti".

MUSA: Si ndivyo vilivyo, jamani! Vya mstatili, rangi ya kahawia kama dhahabu, vimeshikana pembe kwa pembe, mnyororo mzima unakwenda zigizaga.

ZUHURA: Hiyo zigizaga ndiyo fununu. Ila diatomu ni mwani wa seli moja anayeishi ndani ya gamba la silika, madini ya kioo, kama kopo na mfuniko wake. Wewe ulikuwa unatazama ubavu wa kopo, na ubavuni diatomu nyingi ni mstatili tu. Sura iko juu ya mfuniko.

MUSA: Kwa hiyo picha niliyopiga kwa simu…

ZUHURA: Inatupa jenasi, yaani kundi la spishi za karibu: Tabellaria. Ukitaka spishi, safisha. Chemsha sampuli kwa hidrojeni peroksaidi, na miwani ya kinga uvae tafadhali, mpaka libaki gamba tupu.

MUSA: Lililosafishwa nililiona. Limevimba katikati na kwenye ncha zote mbili, kama mfupa uliovimba kiunoni.

ZUHURA: Uvimbe upi mpana zaidi?

MUSA: Wa katikati.

ZUHURA: Basi tunaelekea Tabellaria flocculosa. Ungelingana na wa nchani, ningefikiria Tabellaria fenestrata, na hiyo minyororo yake mara nyingi hunyooka.

MUSA: Nami nilihangaika na urefu!

ZUHURA: Urefu ni mwongo, kaka. Seli ikigawanyika, mmoja anarithi mfuniko, mwingine kopo, na kila mmoja anajitengenezea kipande kidogo cha kuingia ndani ya alichorithi. Ukoo unazidi kufupika mpaka uzaliane kijinsia, ndipo ukubwa urudi. Wewe hesabu mistari iliyochorwa kwenye gamba ndani ya mikromita 10, yaani sehemu ya mia ya milimita. Hiyo haiyumbi sana.

MUSA: Na ziwa lenyewe halisemi kitu?

ZUHURA: Linasema, ila lisikutajie jina kabla hujatazama gamba. Ziwa la mwamba wa graniti huwa na chokaa kidogo na tindikali kidogo, na flocculosa hupapenda. Nyingi hushika mawe na mimea ya ukingoni, kisha zikang'oka zikaelea. Nyingine huishia kwenye tope, na gamba la silika linaweza kudumu humo miaka mingi sana. Kule Scotland, kwenye Round Loch of Glenhead, watafiti walisoma magamba ya tope tabaka kwa tabaka, wakaona spishi zikibadilika, ishara kwamba tindikali ya ziwa ilipanda tangu katikati ya karne ya 19, enzi za moshi wa makaa ya mawe.

MUSA: Duh.

ZUHURA: Sasa sampuli ya chupa yako. Uliikwangua kwenye jiwe, uliikamua kwenye mimea, au ulichota maji tu? Lebo inasemaje?

MUSA: Inasema… "ziwani".

ZUHURA: Ziwani, basi?

MUSA: Na tarehe ipo!