Kinanda Kina Lake la Kusema Katika Sala ya Jioni

Ndugu wanakwaya, nanyi wapiga vinanda, neno ninalolileta leo nimelisema mara nyingi, na nitalisema tena maadamu bado ninasikia kinanda cha kanisa, yaani ogani, kikitumiwa katika Sala ya Jioni ya Kianglikana kwa kazi moja tu, ya kuwazuia waimbaji wasishuke chini ya noti zao.

Chukueni nyimbo za Sala ya Jioni alizotunga Charles Villiers Stanford katika ufunguo wa G, mwanzoni mwa karne ya 20. Katika Wimbo wa Mariamu, sauti moja ya juu inaimba peke yake kwa utulivu, huku noti za kinanda zikikimbia bila kupumzika kama gurudumu la kusokotea uzi, na wengi wamemwona hapo Mariamu kijana akiwa kazini. Luka hakuandika habari za kazi hiyo, wala mwimbaji haitaji. Ni kinanda kinachotuonyesha. Katika Wimbo wa Simeoni anaingia mwimbaji wa besi, na mbio zile zimekwisha, kwa kuwa sasa anayesema ni mzee aliyeona alichokingojea. Basi mpiga kinanda anayezifunika noti zile za mwanzo kwa sauti nzito zinazopigwa kwa miguu amemnyang'anya msikilizaji nusu ya utungo! Ndiyo maana ninawasihi viongozi wa kwaya wamwite mpiga kinanda tangu zoezi la kwanza, na kwaya ikae kimya isikilize sehemu yake yote kabla haijafungua kinywa.

Atatokea wa kuniambia kwamba hayo ni mambo mapya, na kwamba watunzi wa kale walikifanya kinanda kifuate sauti za kwaya tu. Si kweli. William Byrd, aliyefariki mwaka 1623, katika utungo wake uitwao Huduma ya Pili aliwapa waimbaji wa pekee mistari yenye kinanda chini yake, kikiwa na njia yake chenyewe, ndipo kwaya nzima ikaingia. Desturi hiyo ilikatizwa Bunge la Uingereza lilipoamuru mwaka 1644 vinanda viondolewe makanisani; haikukosekana tangu awali.

Kuhusu jengo nitasema machache. Mtunzi Herbert Howells, alipoliandikia kanisa kuu la St Paul's, London, nyimbo za Sala ya Jioni mwaka 1951, alipunguza kasi ya mabadiliko ya hamonia, yaani noti zinazolia pamoja, kwa sababu mwangwi wa mahali pale hudumu, na anayepiga hapo kwa haraka huivuruga kazi hiyo.

Zimebaki zaburi, nazo zilistahili mhadhara wao. Kitabu cha Sala cha 1662 kinazigawa zote 150 kwa siku 30, na jioni ya siku ya 15 ni Zaburi ya 78, yenye aya zaidi ya 70. Ndani yake bahari inapasuliwa, mana inanyesha, mvua ya mawe inaharibu mizabibu. Mpiga kinanda anayezipiga aya zote kwa sauti ileile hajaisoma. Abadilishe sauti, anyamaze kabisa katika aya chache, na mwendo auache ufuate maneno.