Ella na Amri Zake

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Sisi tuliolelewa na "Hadithi, hadithi!" tunajua kwamba ngano tamu haichuji. Mwisho unaujua tangu zamani, lakini bado unamkazia macho msimuliaji uone safari hii atapita njia ipi.

Riwaya niliyowaletea ni Ella Enchanted ya Mmarekani Gail Carson Levine. Ilitoka mwaka 1997, na mwaka uliofuata ikawa miongoni mwa vitabu vya heshima vya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto. Kisa ni cha Cinderella, kile ambacho Mfaransa Charles Perrault alikichapisha mwaka 1697: mama wa kambo, viatu vya kioo, mwana wa mfalme. Ila Levine alikerwa na wema wa binti yule. Mbona anaonewa na hafurukuti? Basi akamtungia sababu. Ella alipozaliwa, kichimbakazi mmoja asiye na akili alimtunukia utii. Amri yoyote, itoke kwa yeyote, lazima aitekeleze.

Siku anayotimiza miaka mitano, mpishi anamwandalia keki na kumwambia ale. Mtoto anakula, anaongeza, anaongeza tena, hawezi kuacha mpaka mama yake amwamuru. Akipata akili kidogo anajifunza ujanja: akiagizwa lozi, analeta mbili tu. Nani hapa hakutumwatumwa udogoni akalipiza namna hiyo?

Tuje kwenye mapenzi. Ella na Char, mwana wa mfalme, wanazoeana kwa utani na kuteleza kwenye reli ya ngazi, kisha Char anasafiri na wanaandikiana barua. Barua hizo ndizo utamu wenyewe. Dansi, kwa maoni yangu, mnaweza kuzipitia harakaharaka. Char anapomtamkia mapenzi, Ella anamkataa kwa uongo. Adui akiijua siri yake, atamwamuru amwue mumewe.

Na laana haivunjwi kwa busu. Char, asiyejua lolote, anamsihi Ella akubali kuolewa naye. Kwake yeye ni ombi, kwa Ella ni amri, tena amri ya jambo analolitamani kuliko yote. Anapambana nayo, anakataa ili amwokoe Char, na papo hapo anakuwa huru. Kisha anamposa yeye! Kwetu posa hupelekwa na upande wa mume, kwa hiyo najua baadhi yenu mtaguna.

Wale walionifuata pale mlangoni wakasema wameona filamu ya mwaka 2004, inatosha: haitoshi. Filamu ilibadilisha mengi. Anzeni na kitabu.