Jinsi ya Kufua Sare ya Shule Iliyojaa Matope kwa Sabuni Isiyodhuru Mazingira

Karibuni, ndugu watazamaji. Leo tunafua sare ya mtoto wa shule ya msingi iliyorudi nyumbani na matope ya masika: shati jeupe la pamba, kaptula ya bluu iliyokolea, na jozi ya soksi ambazo kwa sasa ni vigumu kuziita nyeupe. Matope haya ni ya udongo mwekundu wa miteremko ya Kilimanjaro, na watazamaji wa Lushoto au Murang'a watautambua mara moja kwa namna unavyong'ang'ania kitambaa. Sabuni yetu ni ya maji, isiyo na fosfeti, yaani kemikali inayorutubisha mimea ya majini, na imetengenezwa kwa mafuta ya mimea na kuongezwa vimeng'enya, yaani protini zinazovunjavunja uchafu.

Tuanze na nguo zenyewe. Matope yakiwa bado mabichi, usiyafute wala usiyasugue, kwa sababu kila unapofuta unazisukuma chembe za udongo ndani zaidi ya nyuzi. Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno, hazifiki hata milimita 0.002, na zikishajipenyeza kati ya nyuzi hakuna brashi itakayozifikia. Itundike nguo mahali penye hewa mpaka matope yakauke kabisa. Najua kwamba mafundisho ya nyumbani kwa wengi wetu ni kuitumbukiza nguo kwenye maji mara tu mtoto anapoivua. Kwa damu au chai hilo ni sahihi, lakini kwa matope ni kinyume chake.

Sasa matope yamekauka, na mnaona yamepasuka vipande vipande hapa kwenye pindo. Toka nje, ikung'ute nguo kwa nguvu, kisha chukua brashi kavu ya nguo na upige brashi kuelekea upande mmoja tu, kutoka juu kwenda chini. Geuza mifuko ya kaptula nje ndani, kwa maana hapo ndipo kokoto, maganda ya karanga na udongo hujificha. Usiharakishe hatua hii, kwani ukiifanya kwa uangalifu, sehemu kubwa ya uchafu itaondoka kabla hujatumia tone moja la maji, na sabuni itabaki na kazi ndogo inayoimudu.

Baada ya hapo tunaingia kwenye maji, lakini bado bila sabuni. Shika sehemu yenye doa kwa mikono miwili, igeuze ili upande wa ndani uwe juu, kisha mimina maji ya baridi kwa kikombe, ukiyapitisha kutoka nyuma ya doa ili yausukume udongo kurudi ulikotoka. Tazameni rangi ya maji yanayoanguka kwenye beseni: ni mekundu kama chai ya rangi. Rudia mpaka yaanze kupauka. Maji haya hayana kemikali yoyote, kwa hiyo yamwage moja kwa moja kwenye migomba au kwenye maua.

Sasa tuandae maji ya kulowekea. Tunataka maji ya uvuguvugu, takribani nyuzi joto 40, nayo hupatikana kwa kuchanganya sehemu moja ya maji yaliyochemka na sehemu tatu za maji ya baridi. Vimeng'enya vilivyomo katika sabuni za aina hii huharibika katika maji ya moto sana, kwa hiyo anayemimina birika zima linalochemka juu ya nguo, akidhani anaisaidia sabuni, anaidhoofisha. Tia sabuni kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, koroga kwa mkono, kisha zamisha shati na soksi. Kaptula iloweke peke yake, kwa sababu rangi yake inaweza kuchuja na kulichafua shati. Acha kwa dakika 30 hadi saa moja.

Mtaona kwamba povu ni dogo. Tumezoea kuipima sabuni kwa povu lake, lakini povu si kipimo cha usafi, na sabuni nyingi za aina hii hutengenezwa makusudi zisitoe povu jingi ili kusuuza kuwe kwepesi. Ukiongeza sabuni ili upate povu, utatumia ndoo mbili zaidi kusuuza, na kitambaa kitabaki na utelezi unaovuta vumbi. Hata hivyo, kama unatumia maji magumu ya kisima, yenye chokaa nyingi, kipimo kiongezwe kidogo kama chupa inavyoelekeza.

Nguo ikishalowa, tumwagie tone la sabuni isiyochanganywa na maji kwenye sehemu sugu, yaani kola, pindo na visigino vya soksi. Fikicha kitambaa kwa kitambaa, taratibu, katikati ya ngumi zako mbili. Soksi ivae mkononi kama glavu, kisha isugue kwa mkono mwingine. Hivyo utauona uchafu uliobaki kati ya vidole na kisigino, ambao soksi ikiwa imekunjamana hauonekani. Baada ya hapo fua kama kawaida, kamua, na usuuze mara mbili kwa maji safi.

Huenda shati likabaki na kivuli cha rangi ya kutu. Hiyo si ajabu, kwa kuwa wekundu wa udongo huu unatokana na oksidi za chuma, ndugu wa kutu ya bati. Hapa wengi hukimbilia jiki. Nawasihi msifanye hivyo, kwa sababu jiki haiondoi kutu, na mara nyingine hulifanya doa likolee zaidi. Kwa nguo nyeupe ya pamba pekee, kamulia ndimu juu ya kivuli hicho, nyunyiza chumvi kidogo, weka juani kwa muda usiozidi saa moja, kisha suuza vizuri sana. Kaptula usiitie ndimu, itapauka mabaka. Na kwa hali yoyote ile, usichanganye jiki na ndimu wala siki, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu kwa mapafu.

Sasa kuhusu maji ya sabuni. Sabuni isiyo na fosfeti haiirutubishi mimea ya majini kupita kiasi, na viambato vyake huozeshwa na vijidudu vya udongoni. Lakini vijidudu hivyo vinahitaji udongo na muda. Kwa hiyo usiyamwage mferejini wala mtoni. Huku mlimani mfereji mmoja hupita nyumba nyingi, na jirani wa chini huyatumia maji hayohayo kunyweshea ng'ombe. Yamwage kwenye shimo la taka au kwenye ardhi yenye nyasi, mbali na kisima, na usiyarudie kila siku mahali pamoja. Maji ya kusuuzia mara ya mwisho yanafaa kabisa kuoshea viatu vya shule, ambavyo bila shaka navyo vinasubiri, au kumwagia chooni.

Kabla ya kuanika, nyoosha shati mbele ya mwanga na ulikague kwenye mishono. Doa lililobaki lirudie sasa, nguo ikiwa mbichi, kwa sababu likishakauka na kupigwa pasi litakuwa gumu zaidi kutoka. Shati likiwa safi, lianike juani kwa kubana pindo la chini, si mabega, ili vibanio visiache alama; kaptula igeuze ndani nje na uianike kivulini ili rangi yake isipauke.