Bara brith: mkate wa madoa wa Wales

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu habari za jioni. Ahsanteni kwa kunikaribisha. Kabla sijaanza, namwomba kijana wa mbele apitishe hili sinia. Msile bado, angalieni tu. Vipande vya kushoto na vya kulia vimekaribiana rangi, vyote vina zabibu, na huko vilikotoka vyote vinaitwa bara brith. Sasa bonyezeni kwa kidole. Cha kushoto kinabonyea kisha kinarudi, kama godoro jipya. Cha kulia kimeshikana, kina unyevu, na alama ya kidole inabaki. Kimoja kimeumuliwa kwa hamira, kingine hakikuona hamira kabisa. Mimi nina upande wangu katika jambo hili, na sitauficha: cha kushoto ndicho mkate. Cha kulia ni keki nzuri sana iliyorithi jina.

Bara kwa Kiwelisi ni mkate. Brith ni madoadoa, kama tunavyosema kuku wa madoa. Madoa yenyewe ni zabibu kavu, na hapo ndipo utamu wa hadithi ulipo. Wales, iliyo magharibi mwa Uingereza, ni nchi ya milima, mvua na baridi. Kwenye mashamba ya juu ngano haikustawi vizuri, watu wakaishi kwa oti na shayiri. Unga mweupe wa ngano ulikuwa kitu cha kununua. Zabibu nazo zilikuja kwa meli kutoka nchi za Mediterania. Zile ndogo nyeusi, jina lake la Kiingereza limetokana na mji wa Korintho, Ugiriki. Kwa hiyo mama wa shambani alipotia zabibu katika unga, nyumba nzima ilijua kuna jambo: Krismasi imefika, au kuna wageni.

Tunayajua mengi ya haya kwa sababu ya mwanamke mmoja, Minwel Tibbott, aliyekuwa akifanya kazi katika jumba la makumbusho la St Fagans, karibu na Cardiff, mji mkuu wa Wales. Alizunguka Wales na kinasa sauti, akawahoji bibi waliozaliwa mwishoni mwa karne ya 19: mlipika nini, kwa chombo gani, kwa moto wa namna gani? Kazi hiyo naiheshimu kuliko ninavyoweza kusema. Upishi wa nyumbani huondoka na mwenye nao, na yeye aliwahi kuudaka.

Sasa uokaji wenyewe. Zamani hawakuoka kila siku. Palikuwa na siku ya kuoka, mara moja kwa juma, na siku hiyo unga ulikandwa mwingi wa kutosha nyumba nzima. Katika donge lile lile la mkate wa kawaida, mama alikata kipande, akakikanda tena na mafuta, sukari na zabibu. Hicho ndicho kilichokuwa bara brith. Mafuta yenyewe mara nyingi yalikuwa ya nguruwe, nalisema wazi kwa sababu humu ndani wengi wetu hatuyatumii. Siagi inafanya kazi ile ile, na mimi nikiwa nyumbani hutia samli.

Na wasiokuwa na tanuri ya ukutani? Hapa naomba mnisikilize vizuri. Walikuwa na chungu cha chuma chenye kifuniko. Donge liliwekwa ndani, chungu kikakaa juu ya moto, na juu ya kifuniko yakapangwa makaa. Mara nyingi hayakuwa makaa ya kuni. Yalikuwa ya ule udongo mweusi wa kinamasi, unaokatwa vipande, ukakaushwa, ukawa unawaka polepole kwa saa nyingi. Moto chini, moto juu. Niliposimama St Fagans mbele ya chungu kama hicho, nilimwona bibi yangu, sufuria ya mkate wa kumimina imefunikwa kwa sinia, makaa mekundu juu, naye anaondoa moja moja kwa koleo kila rangi inapozidi. Watu ambao hawakuwahi kuonana, na mkono wao ulikuwa mmoja.

Basi hamira iliondokaje? Mwaka 1845 mwokaji wa mji wa Bristol, Uingereza, Henry Jones, alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya unga unaoumuka wenyewe. Alichanganya unga na vitu viwili, kimoja tindikali na kimoja magadi, vikikutana na maji vinatoa gesi. Alitaka mabaharia waache kutafuna biskuti ngumu kama mbao wawe na mkate mpya baharini, na jeshi la majini la Uingereza lilichukua miaka kumi hivi kumkubalia. Unga wa namna hiyo ulipozoeleka majikoni, mama mwenye kazi nyingi aliona njia fupi: laza zabibu ndani ya chai, asubuhi tia unga na yai, oka. Hakuna kukanda, hakuna kungoja. Siwalaumu hata kidogo. Na chai yenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya chai inayonywewa Uingereza siku hizi hutoka Kenya, inawezekana kabisa kwamba hicho kipande mlichoshika kimelazwa katika majani ya Kericho.

Huo wa chai nitausema haraka, maana ni mwepisi. Gramu 400 za zabibu kavu mchanganyiko, gramu 150 za sukari ya kahawia, mililita 300 za chai ya rangi, kali na ya moto. Funika, lala. Asubuhi zabibu zimenenepa na chai karibu yote imenywewa. Tia gramu 400 za unga unaoumuka wenyewe, yai moja, kijiko kidogo cha mdalasini, kungumanga na karafuu zilizosagwa pamoja. Oka kwa nyuzi 160 muda wa saa moja na nusu hivi, mpaka kijiti kitoke kikavu.

Wa hamira unataka subira. Chukua gramu 450 za unga wa ngano wa mkate, chumvi kijiko kidogo, hamira kavu vijiko viwili vidogo, sukari ya kahawia gramu 75, siagi gramu 75, yai, viungo kidogo, na maziwa ya uvuguvugu mililita 220 hivi. Kanda dakika kumi. Donge linakuwa laini, linanata kidogo. Msiliongezee unga kwa hofu. Liache liumuke mpaka liwe maradufu. Hapo ndipo zabibu zinaingia, gramu 300, zilizolowekwa kwanza kisha zikakaushwa kwa kitambaa.

Kwa nini zisiingie tangu mwanzo? Mara yangu ya kwanza nilizitia zote pamoja, tena nikamimina mdalasini kwa mkono wa kwetu. Nilingoja saa nne, donge likakaa kama jiwe la kusagia. Baadaye nilielewa. Zabibu zinakata zile nyuzi za unga ambazo umezitengeneza kwa kukanda. Sukari yake inavuta maji ambayo hamira inayahitaji. Na mdalasini ukizidi unaidhoofisha hamira yenyewe. Kwa hiyo iacheni hamira ipate nguvu kwanza, ndipo muibebeshe mzigo.

Ukishazichanganya, weka donge katika bati la mkate, ngoja liumuke tena mpaka lifike ukingoni. Zabibu zilizochomoza juu zikandamize zizame, zisipofichwa zinaungua na kuwa chungu. Nyuzi 190, dakika 45 mpaka 50, na juu ukiwahi kukolea funika kwa karatasi. Ukitoka tu, paka asali.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, mama. Anauliza, asiye na oveni? Nimefurahi umeuliza. Tumia sufuria nzito, chini makaa machache, juu ya sinia makaa mengi zaidi, kama unavyofanya mkate wa sinia. Nimejaribu mara nyingi. Unatoka na ganda zuri kuliko la oveni yangu ya umeme, na unanukia moshi kidogo.

Swali jingine: unakaa siku ngapi? Wa chai, ufunge kwenye karatasi usiuguse siku mbili, unazidi kuwa mtamu. Wa hamira uleni leo na kesho. Ukikauka, upasheni kwenye kikaango.

Wawelisi wameupeleka mbali mkate huu. Mwaka 1865 watu 150 hivi walipanda meli Mimosa kutoka Liverpool mpaka Patagonia, Argentina, wakitaka mahali pa kuishi kwa lugha yao. Mpaka leo ukifika mji wa Gaiman utakaribishwa chai, na mezani pana keki yao nyeusi ya zabibu, jamaa wa bara brith.

Haya, sasa mle. Lakini subirini siagi. Yenye chumvi, na ipakeni nene, mpaka meno yaache alama. Anzeni na cha kushoto.